Tuliyoyaona Hamamni, na swali la mama zetu watatawadhia wapi

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), aliyetujaalia maji kuwa uhai wa viumbe na tahara ya waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, kila shule zinapofungwa, familia zetu za Mbulu na Hanang hujiuliza ziwapeleke wapi watoto. Wengi huishia kwa ndugu Babati, Singida au Arusha, na si vibaya, kwani kuunga udugu ni ibada. Wachache waliojaaliwa nauli huteremka hadi pwani. Sisi tulijaaliwa kufika Unguja. Miongoni mwa yote tuliyoyaona, jengo moja limenikalia moyoni kuliko majumba ya wafalme: nyumba ya kuogea iliyoko Hamamni, Mji Mkongwe. Nimeona niwaeleze habari zake, kwa sababu ndani ya zile kuta mna somo linalotuhusu sisi wa nyanda za baridi pengine kuliko watu wa mwambao wenyewe.

Hamamu ni nini?

Neno hamamu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni nyumba ya kuogea kwa maji ya moto na mvuke. Hamamni, basi, ni mahali penye hamamu, na mtaa mzima umepata jina kwa jengo hilo moja. Lilijengwa katika utawala wa Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na aliyesimamia ujenzi ni Haji Gulamhussein, kwa mtindo wa Kiajemi. Huyu Barghash ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na ndiye aliyeuletea mji maji safi ya bomba kutoka chemchemi ya upande wa Bububu, kwa kuwa watu walikuwa wakifa kwa kipindupindu na kunywa maji ya visima vilivyochafuka.

Lililo muhimu ni kwamba hamamu ile haikuwa ya jumba la kifalme. Ilikuwa ya umma. Mtu alilipa ada akaingia, akaoga, akanyolewa, akapumzika, akatoka. Wanaume walikuwa na wakati wao, na wanawake wao. Ilitumika hadi mwaka 1920, kisha ikafungwa. Mwaka 1979 iliwekwa katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa, ikakarabatiwa, na leo ni mahali pa kutazama tu. Mji Mkongwe wote uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000.

Wala Hamamni si mwanzo wa mambo haya katika pwani yetu. Pale Kilwa Kisiwani, katika magofu ya Husuni Kubwa yaliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lipo bwawa la kuogea lenye pembe nane, lililo ukingoni mwa jabali linaloitazama bahari. Katika nyumba za mawe za Lamu, kila familia yenye uwezo ilikuwa na birika la maji ndani ya choo, na humo waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Huko Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi jumba la baba yake lilivyokuwa na safu ya mabafu na hamamu ya Kiajemi. Na kule Kidichi, Sayyid Said alijenga hamamu nyingine mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrzad. Mafundi wa kwao waliipamba kuta zake kwa nakshi za chokaa zenye maua na mitende.

Nayataja haya ili watoto wetu wasidhani kwamba usafi wa mwili ulikuja na sabuni ya dukani. Waislamu wa pwani hii walijenga kwa ajili ya maji karne nyingi kabla ya meli za wakoloni.

Ndani ya jengo

Kwa nje huwezi kulidhania. Ni jengo la chini, limebanwa na nyumba za mtaa, na mlango wake hauna makeke. Ukiingia, unapokelewa na ukumbi wa mapumziko ambao dari yake iko juu, kisha vyumba vinafuatana kimoja baada ya kingine. Kuna mahali pa kunyolea, kuna vyoo, kuna mabwawa ya maji baridi, na kuna chumba cha joto. Mwanga unaingia kwa matundu ya juu, si kwa madirisha. Nilipoliona hilo nikaelewa nia ya mjenzi: watu wapate nuru ya kutosha kuoga, na jicho la mpita njia lisipate pa kuchungulia.

Hamamu za namna hii huwa na tanuri moja. Moto wake unachemsha maji, na joto lake hupitishwa chini ya sakafu kwa mifereji, hata sakafu yenyewe ikawa na joto na maji yakimwagika yakageuka mvuke. Kuni za tanuri moja ziliwatosha watu wengi, pale ambapo kila nyumba ingewasha jiko lake. Muogaji hakuingia moja kwa moja kwenye joto. Alianzia chumba cha baridi, akaenda cha uvuguvugu, akamalizia cha moto, na alipotoka alirudi vivyo hivyo, ili mwili usishtuke.

Leo hakuna tone la maji. Binti yetu mdogo alisimama ukingoni mwa bwawa kavu, akamuuliza mzee aliyekuwa akituongoza, "Babu, maji yamekwenda wapi?" Mzee akacheka, akamjibu, "Yamekwenda majumbani kwa watu, mjukuu wangu. Kila mtu alipopata bomba lake, hamamu ikakosa wageni."

Jibu lile ni zuri kwa mtu wa mjini. Lakini mimi natoka Katesh, na nilipolisikia nilijiuliza: je, kwetu yamefika majumbani kwa watu?

Adabu ya kuoga mbele ya watu

Kabla sijafika huko, niseme neno juu ya stara, maana najua baadhi ya wasomaji wangependa kuijua hukumu. Zimepokewa Hadith zinazokaza sana jambo la hamamu: kwamba mwanamume asiingie ila amevaa shuka, na zikawekwa tahadhari kubwa zaidi kwa wanawake. Wanazuoni wamezieleza Hadith hizo kwa kutazama sababu yake, ambayo ni kufunuka kwa tupu na kuchanganyika. Wapo waliochukia kabisa mwanamke kuingia, na wapo walioruhusu kwa haja kama ugonjwa, nifasi au baridi kali, kwa sharti la stara na kutokuwepo wanaume. Atakaye undani wake amuulize sheikh wake.

Kipo kisa katika safari za Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331. Alipopita katika mji mmoja wa Misri, aliingia hamamu akakuta wanaume wanaoga bila ya kujifunika. Hakunyamaza, wala hakuwatukana. Alikwenda kwa liwali wa mji akamweleza, na liwali akawaita wenye kukodi hamamu, akaamuru iandikwe katika mikataba yao kwamba anayemwingiza mtu bila shuka ataadhibiwa. Baghdad aliyakuta mengine: kila muogaji alipewa shuka tatu, moja ya kuingilia, moja ya kutokea, na moja ya kujifutia. Akalisifu jambo hilo, na akasema hakuona mji mwingine wenye utaratibu kama ule.

Tuzingatie namna tatizo lilivyotatuliwa. Ibn Battuta hakudai hamamu ifungwe. Alitaka mwenye mamlaka aweke utaratibu, na mwenye biashara atoe shuka. Leo zipo hoteli za kitalii zenye mabwawa na vyumba vya mvuke, na wapo ndugu zetu wanaozuru huko na watoto. Ulizeni kabla ya kulipa. Je, kuna saa za wanawake peke yao? Je, wahudumu wa saa hizo ni wanawake? Je, mtu anaruhusiwa kuoga na vazi la kumsitiri? Kama majibu ni hapana, pesa hizo zina kazi nyingine. Na hata pale wanawake wanapokuwa peke yao, tuwafundishe mabinti zetu kwamba baina ya mwanamke na mwanamke pia kuna mpaka, na kwamba kanga kifuani haijapitwa na wakati.

Maji ya moto ya kwetu

Sisi wa Manyara hatuhitaji tanuri ili tuyaone maji ya moto. Tunaishi katika Bonde la Ufa. Mlima wetu Hanang, wenye urefu unaozidi mita 3,400, ni mlima wa volkano. Kusini zaidi mwa Ziwa Manyara, ndani ya hifadhi, zipo chemchemi zinazoitwa Maji Moto, na mtu hawezi kuuacha mkono wake ndani. Maji ya mvua huzama chini katika nyufa za ardhi, hukutana na miamba yenye joto, kisha hupanda tena yakiwa yamebeba chumvi na madini. Ukitaka kumfundisha mtoto uwezo wa Mola wake, mpeleke akaone maji yanayochemka bila kuni.

Huko Tanga, eneo la Amboni, ziko chemchemi za Galanos zenye harufu ya kiberiti, na watu huenda kuoga kwa ajili ya maradhi ya ngozi na maumivu ya viungo. Maji ya uvuguvugu hulegeza misuli na kutuliza viungo, hilo halina shaka. Lakini yana mipaka yake. Mama mjamzito, mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, na mwenye kidonda kibichi, wasiingie kwenye joto kali bila ya kumuuliza daktari. Mtoto asiachwe peke yake hata kidogo. Wala tusiyanywe maji hayo tukidhani ni dawa: maji mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, nayo ndiyo inayoyatia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia.

Ama kwa udhu na josho, maji ya chemchemi yaliyobadilika kwa madini ya mahali pake ni tahara, kama yalivyo maji ya bahari. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, imechukiwa kutumia maji yenye moto mkali au baridi kali, kwa sababu yanamzuia mtu kuvieneza viungo sawasawa. Kwa hiyo yule mama anayechemsha kibirika alfajiri na kuchanganya na maji ya mtungi si mvivu wala si mdekezaji. Anaisaidia familia yake kutia udhu uliokamilika.

Baridi ya Juni

Anayeishi Dar es Salaam hawezi kulijua jambo hili. Mwezi wa Juni na Julai, Mbulu mjini, Dongobesh, Bashnet na vitongoji vilivyo mabegani mwa Hanang, ukungu hushuka hadi mlangoni na maji ya pipa huuma kama meno. Katika hali hiyo tunawaamsha watoto kwa sala ya Alfajiri. Tunajua kwamba kukamilisha udhu wakati wa tabu kuna malipo makubwa. Lakini malipo ya kuvumilia tabu hayamfanyi mtu aitafute tabu, wala hayamzuii mwenye uwezo kumwondolea mwenziwe.

Sheria yetu imelijali hilo. Amr bin al-As (r.a.), akiwa katika msafara wa Dhat as-Salasil, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali. Akachelea kuangamia, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alimuuliza, na alipoeleza hoja yake, Mtume (s.a.w.) alitabasamu, hakumkemea. Upande wa pili, imepokewa kwamba yeye Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha kibaba cha maji, na akikoga josho kwa pishi hadi vibaba vitano. Kibaba hakifiki lita moja. Maana yake ni kwamba birika moja la maji ya uvuguvugu, likitumiwa kwa Sunna, latosha nyumba nzima. Kinachotushinda ni bomba linaloachwa wazi huku mtu akizungumza.

Wenye kuishi chini ya Hanang tuna sababu ya ziada ya kuyaheshimu maji. Tarehe 3 Desemba 2023 yalishuka mlimani pamoja na tope, mawe na magogo, yakaipita Gendabi na Katesh, na roho zaidi ya 80 zikatangulia mbele ya haki. Waislamu, Wakristo na wasiokuwa hao walizikana na kulishana siku zile. Maji ni neema na ni mtihani, na hatujui asubuhi yatatujia kwa sura ipi.

Mama zetu watatawadhia wapi?

Sasa nirudi kwenye swali lililonijia mbele ya lile bwawa kavu.

Njiani tulisimama kusali katika msikiti mmoja wa barabarani, ambao sitautaja. Ni msikiti mzuri, umepigwa vigae, una kipaza sauti kipya. Wanaume walikuwa na mabomba kumi na viti vya kukalia. Nilipouliza wanawake wanatawadhia wapi, nilionyeshwa ndoo nyuma ya ukuta, karibu na uchochoro wa watu. Mimi na mabinti zangu tulishikiana mashuka ili mmoja wetu aoshe mikono na miguu bila ya kuonekana. Mama mmoja mtu mzima tuliyemkuta hapo alituambia, "Mimi hujizuia kunywa maji tangu asubuhi nikisafiri, ili udhu wangu usitenguke."

Ndugu zangu, hilo ni jambo zito. Mwanamke anajinyima maji ili asihitaji maji.

Zaidi ya miaka 130 iliyopita, mtawala wa Unguja na mwashi wake waliketi wakapanga jengo ambalo ndani yake mwanamke wa mjini alikuwa na saa yake na maji yake ya moto. Wao hawakuwa na saruji ya kiwandani wala pampu ya sola. Sisi tunavyo vyote viwili. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza swali hili pale ramani inapochorwa. Na mara nyingi kamati inayochora ramani haina mwanamke hata mmoja.

Nimesikia hoja kwamba wanawake ni wachache msikitini, basi kuwajengea ni israfu. Hoja hii inatanguliza mkokoteni mbele ya punda. Wanawake ni wachache kwa sababu hawana pa kutawadhia. Na msikiti wa barabarani si wa wanawake wa mtaa huo tu: ni wa msafiri, wa mama anayempeleka mtoto hospitali ya Haydom, wa mjane anayefuata madai yake wilayani, wa binti anayerudi shule ya bweni. Hao wote sala inawakuta njiani.

Nina mapendekezo matatu, na yote ni ya kiasi. La kwanza, kila kamati ya msikiti katika Mbulu na Hanang iwaombe akina mama watatu au wanne waukague uwanja wa msikiti na waseme wenyewe ukuta usimame wapi na mlango uelekee wapi. Jicho la mwanamke litaona uchochoro ambao mwanamume hajauona. La pili, tujenge sehemu hiyo kwa njia ya wakfu. Mzazi wako amefariki na unatafuta sadaka ya kuendelea? Tangi moja, mabomba manne na ukuta wa stara vitamfikishia thawabu kila alfajiri. Wenye mifugo tunao: ng'ombe mmoja wa mnadani hutoa mchango usio haba. La tatu, maeneo ya baridi yawekewe njia ya kupata maji ya uvuguvugu, ama kwa mtambo wa jua juu ya paa, ama kwa jiko moja la pamoja linalotumia kuni chache, kama lile tanuri la hamamu. Msitu wa Nou hauwezi kuendelea kutulisha kuni kila nyumba na jiko lake.

Na wewe mzazi, ukijaaliwa kufika Unguja, wapeleke watoto Hamamni, na ukipata nafasi Kidichi pia. Wavalishe nguo za heshima, wasalimie wasimamizi, usiwaache waandike majina yao ukutani. Waeleze kwamba mababu zao walioga wakiwa na staha, wakijengewa na watu waliojali. Kisha, mkirudi nyumbani, waonyesheni pia mahali mama yao anapotawadhia msikitini kwenu, na muwaulize wao wanapaonaje. Watoto husema kweli.

Tunamuomba Allah (s.w.) azitakase nyoyo zetu kama alivyotuwekea maji ya kutakasa viungo vyetu, awarehemu waliotangulia katika maafa ya Hanang, na atujaalie tuwe wenye kuwarahisishia waja wake njia ya kumuabudu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.